Vere ya heshima: chai ya maua yenye gazi pahali pa divai

(Neno lililosomwa na ekipe ya mapokezi ku mukutano wa mwisho wa mwaka, hapa Bukavu. Tumeliandika kama lilivyosemwa, kwa ajili ya wanamemba wenye hawakufika na wafadhili wenye kuwa mbali.)



Sisi wa ekipe ya mapokezi tuliombwa tuongee juu ya kile kitu chenye munaona ku meza tangu mwaka jana: chai ya maua, baridi, yenye kutoa povu, yenye tunamimina mu vere ndefu wakati wa vin d'honneur. Wamoja wanaipenda. Wamoja wanaikunywa juu ya heshima tu, na tunawaona. Na wamoja wanauliza kwa nini umoja wa watu wenye walirudi mikono mitupu unapoteza wakati wa kufanya chai iruke kama champagne. Ulizo ni la haki. Tutajibu pole pole, na kuko pahali tutapaswa kuomba musamaha, kwa hiyo mutuvumilie.

Tuanze na divai yenyewe. Hapa kwetu ndoa, ubatizo, diploma, hata kufungua ofisi ya vyumba viwili, hakuna kitu kinaisha bila vin d'honneur. Neno lilikuja na Wabelgiji. Wabelgiji wakaenda, neno likabaki. Na si neno tu. Kuna dakika moja mutu anasimama, anainua vere, wote wanainua, na ile dakika ndiyo inasema: huyu sasa ni wetu. Mutu amekaa miaka kumi na mbili Nyarugusu ao Nakivale, amepanga foleni ya unga, foleni ya maji, foleni ya karatasi. Sasa anaona watu makumi sita wanasimama kwa ajili yake. Bababa wenye nguvu tumewaona wakilia ile dakika.

Lakini muangalie mikono. Ndugu Muadventista hakunywi divai. Ndugu Muislamu hakunywi. Wale wa makanisa ya kiroho hawakunywi. Mama mwenye mimba, muganga amemukataza. Kijana mwenye dawa ya kifua kikuu, yeye pia amekatazwa, juu ile dawa na pombe vinagombana mu ini. Na wako wale wenye waliacha pombe kwa sababu pombe ilikuwa karibu kuwamaliza ku kambi. Hawa wote tulikuwa tunawapatia sucré, mu vere ya plastiki, ku meza ya watoto. Hatukufanya kwa ubaya. Ni vile ilikuwa. Siku moja mama mumoja akatuambia: "Ku kambi nilikuwa na karatasi ya rangi ingine. Nimerudi kwetu, bado niko na vere ya rangi ingine." Tulicheka. Nyumbani, usiku, hatukucheka tena.

Na kuko mambo ya makuta. Jamaa yenye inapokelewa njo inaleta divai, ile desturi tuliikuta na hatukuiandika popote, lakini kila mutu anaitii. Mujane mumoja alikopa ku likelemba ili apate divai ya kutupokea sisi, sisi wenye tulikuja kumupokea yeye! Alilipa ile deni kwa miezi mingi. Wakati tulijua, tulisema hii kitu inapaswa kubadilika.

Mawazo ya kwanza yalikuwa mabaya. Tulisema: bon, wote wakunywe sucré. Tukajaribu ku ubatizo mumoja. Hapana. Sucré ni tamu, mutu anamaliza vere kwa mara moja kama dawa, anaiweka chini, basi. Divai mutu anaishika. Anaongea nayo. Ile ukakasi ya divai, ile yenye inakausha ulimi kidogo, inamuambia mutu angoje, akunywe pole pole. Muzee mumoja alisema vizuri: sucré inazima kiu, haianzishi maongezi.

Jibu lilitoka kwa watu wawili wenye walirudi kwa njia mbili tofauti. Mumoja ni mama mwenye alipita Kigoma, akafika mbali mpaka Pwani, akafanya kazi ya nyumba kwa watu wa Zanzibar. Kule alizoea asumini. Bamama wa Pwani wanachuma maua wakati bado yamefunga, wanayashona mu uzi, wanavaa ku nywele, wanaweka kati ya nguo, wanaweka ku kitanda ya bibi-arusi. Yeye aliporudi alipanda asumini ku ukuta wa nyumba yake, kule Panzi, na usiku jirani wote wanajua imefunguka. Wa pili ni kijana mwenye alikaa Ulaya, akafanya kazi ya kuosha sahani mu restora, mpaka karatasi zikakataliwa akarudishwa. Ni yeye njo alituambia kwamba kule, ku meza zenye divai ya bei kali, ameona wateja wanaagiza chupa yenye kufungwa kama champagne, na ndani ni chai.

Hatukumuamini. Akatuonyesha ku telefone. Kweli, kuko kampuni ya Danemark, Copenhagen Sparkling Tea, yenye ilianza mwaka 2017. Mumoja wa waanzishaji, Jacob Kocemba, alikuwa mutu wa kuchagua divai mu restora. Alitafuta divai ya kwenda pamoja na dessert fulani, akakosa, akaanza kuchanganya chai. Chupa yao moja yenye haina pombe, yenye inaitwa Blå, ndani yake kuko asumini, chai nyeupe na Darjeeling. Zingine za kampuni ile ile ziko na pombe kidogo, kwa hiyo siku mutaletewa moja, musome karatasi yake kwanza. Tulipenda kitu kimoja mu ile historia: mutu mwenye kujua divai kupita sisi wote hakuona haya kushika chai.

Tena asumini ndani ya chai si mambo ya jana. Ku China, mu muji wa Fuzhou, wanafanya hii kazi tangu karne nyingi, na mwaka 2014 FAO iliweka mashamba yale kati ya urizi wa kilimo wa dunia. Namna yao ni hii, na sisi tuliiga. Maua yanachumwa muchana, yamefunga. Magaribi yanaanza kufunguka. Njo wakati wanayachanganya na majani ya chai yenye kukauka, tabaka kwa tabaka, wanaacha usiku. Jani la chai linakunywa harufu kama nguo inavyokunywa moshi. Asubuhi wanapepeta, wanatoa maua, wanakausha tena chai, na usiku wanarudia na maua mapya. Chai ya bei inapita hapo mara nyingi. Kwa hiyo mu chai nzuri ya asumini unaweza usione hata ua moja. Harufu yake yote iko mu jani.

Yetu sisi inapita usiku tatu, mu basini yenye mufuniko, ku nyumba ya ule mama wa Panzi. Usiku moja haitoshi, tumejaribu. Usiku ine, maua yanatuishia.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu maua yanaweza kuua. Hatusemi kwa kupamba. Mu bustani za Bukavu kuko ule muti wenye maua makubwa meupe yenye kuninginia kama tarumbeta, wengine wanauita trompette des anges. Usiku harufu yake ni tamu kupita asumini. Musichana mumoja wa jamaa yetu, kwa moyo muzuri kabisa, alituletea basini nzima ya yale maua. Bahati nzuri koko mumoja alikuwa pale, akamuuliza mara moja: "Unataka tuzike nani?" Ule muti ni sumu, unachanganya akili na unaweza kusimamisha moyo. Laurier-rose, sumu pia. Ile dame de nuit yenye maua madogo ya kijani-njano, yenye kunuka usiku tu, iache. Kunuka muzuri haimaanishi kunywewa. Sheria ya ekipe sasa ni hii: asumini inatoka ku muti moja tu, ule wa Panzi wenye tunajua ulitoka wapi, na hakuna mutu anachuma ku ukuta wa jirani. Maua ya duka, yale ya makaburi na ya ndoa, pia hapana, kwa sababu yanaweza kuwa yamepigiwa dawa ya wadudu.

Kwa wale wenye hawana asumini, bissap inafaa, ile maua mekundu ya kukauka yenye kuuzwa mu soko ya Kadutu. Inatoa rangi ya divai kabisa, na uchungu wa limau. Haina ukakasi nyingi, kwa hiyo tunaichanganya na chai. Citronnelle, mchaichai wa wandugu wa Tanzania, ni nzuri lakini ukiweka nyingi watu wanasema wanakunywa dawa ya homa.

Sasa chai. Watu wanasahau kwamba tuko ndani ya inchi ya chai. Kabare, Walungu, Kalehe, ile baridi ya milima na ile mvua, chai inazipenda. Wakoloni walipanda, bazazi wetu walichuma. Kisha ikaja zairianisation, ile ya tarehe 30 Novemba 1973, mashamba yakaanguka mu mikono ya watu wenye hawakujua kazi, kisha vita vya 1996 na vya 1998, na pahali pengi muti wa chai ukageuka pori. Muti wa chai ukiachwa bila kukatwa unarefuka, unakuwa muti kweli. Wamoja wetu tulijificha chini yake tukiwa watoto na hatukujua ni chai. Leo ku duka za Bukavu pakiti nyingi zenye tunanunua zimevuka mupaka. Sisi tunatafuta majani ya hapa, ya kupima, si ile ya vifuko. Wakati tunaikosa, tunanunua ya ngambo ya Ruzizi na tunanyamaza.

Jinsi ya kuitengeneza: usiipike. Hii njo siri, kama kuko siri. Chai nyeusi ikipikwa na kuachwa ipoe inakuwa chungu na nzito, harufu ya maua inakufa. Tunachemsha maji yenyewe, tunayaacha yapoe kabisa, kisha tunatia majani, vijiko viwili vikubwa kwa litri moja, tunafunika, tunaacha usiku muzima. Maji ya baridi yanatoa harufu na ukakasi kidogo, na uchungu mwingi unabaki ndani ya jani. Asubuhi tunachuja mara mbili na kitambaa, tunatia maji ya limau na sukari kidogo sana. Ukionja na ukasema "ingeongezwa sukari", iache hivyo. Tunaiweka ku baridi na inapaswa kuisha mu siku mbili. Umeme ukikatika usiku muzima, tunaimwaga. Inauma, lakini tunaimwaga.

Mapovu njo yalitutesa. Sisi tulianza na levire, ile hamira ya mikate. Unatia kidogo mu chupa pamoja na sukari, unafunga, siku mbili chupa imejaa gazi. Ni rahisi, mapovu yake ni madogo na mazuri. Tulitumia chupa za bia za zamani. Siku ya tatu, kulikuwa joto, chupa mbili zikapasuka mu kabati, na ndugu mwenye alifungua mulango akakatwa mukono. Alishonwa. Tangu hapo hakuna chupa ya kioo kwa kitu chenye levire. Mutu akifanya nyumbani kwake atumie ya plastiki, ataisikia na mukono vile inakuwa ngumu, na afungue kidogo.

Kupasuka kwa chupa si kosa kubwa. Kosa kubwa ni hili.

Ku mapokezi ya jamaa tatu, mwaka jana, Muzee mumoja wa kwetu alitukaribia. Wengi munamujua, na ametupatia ruhusa ya kuongea hivi bila kutaja jina. Aliacha pombe tangu alirudi. Hakuna siku anasema kwamba ni rahisi. Akashika ile vere ndefu, akaiangalia, akauliza: "Batoto, hii iko na pombe?" Tukamujibu sote kwa sauti moja: "Hapana Muzee, ni chai." Akafurahi. Akasimama pamoja na wote, akainua. Akaonja. Kisha tukamuona anaiweka chini ya kiti, pole pole, kama mutu mwenye kuweka yai.

Wiki ilipita. Dada mumoja mwenye kuwa muforsha akatueleza kitu chenye tungepaswa kujua, sisi wenye bakoko yetu walipika kasiksi. Levire ikikula sukari inatoa vitu viwili kwa mara moja: gazi na pombe. Huwezi kupata kimoja bila kingine. Mu siku mbili ni kidogo, kidogo sana kupita bia. Lakini iko. Na sisi tulimuambia hapana. Tulikuwa tumewaambia pia wandugu Waislamu hapana, na ule mama wa mimba hapana.

Tulienda watatu kwake Bagira. Tulimuambia ukweli. Akanyamaza. Kisha akasema: "Nilijua. Ulimi wangu unaijua kupita ninyi." Tukaomba musamaha. Alisema ametusamehe, lakini hakuja ku mukutano wenye ulifuata, na wa pili pia hakuja. Wamoja wetu tulikuwa tunapita kila juma kumusalimia, bila kuongea juu ya ile mambo. Ku mukutano wa tatu alikuja, akakaa karibu na mulango. Ni yeye alipendekeza sheria yenye tunafuata: hakuna mutu wa ekipe anajibu "hakuna pombe" kama hakuona chai ikitengenezwa na macho yake. Kama hakuona, anajibu "sijui", na mutu anachagua.

Leo tunaomba musamaha mbele ya wote, kwa sababu wakati ule tuliomba ku nyumba tu.

Basi levire tuliitoa. Kuna watu wenye bado wananungunika, wanasema mapovu ya levire yalikuwa mazuri kupita haya, na ni kweli. Mufanye nyumbani kwenu. Ku vere ya heshima haitarudi.

Sasa tunatumia gazi yenyewe. Dada mumoja alituletea mashine ndogo ya kutia gazi mu maji, ya mukono, yenye iko na mutungi mudogo. Tulijifunza kwanza kwamba usitie gazi mu chai, utie mu maji. Chai inafura, inaruka, na koti nyeupe ya Papa Prezida ni mushuhuda. Unafanya chai nzito, mara tatu ya kawaida, unatia gazi mu maji ya baridi sana, kisha unachanganya mu vere: sehemu moja chai, sehemu mbili maji. Maji ya baridi yanashika gazi, maji ya joto yanaiachilia. Mutungi ukiisha tunanunua maji ya gazi ya chupa, na hiyo ni bei. Watu wametuambia mara mingi kwamba kuko mitungi ya gazi kwa wenye kuchomea vyuma. Hapana. Gazi ya kazi ya vyuma haikusafishwa kwa kunywewa.

Na mutu asidharau ile gazi. Ni ile ile yenye kuwa chini ya ziwa letu. Wenye kupima wanasema Kivu inashika karibu kilometa kube 300 za gazi karboniki na karibu 60 za metani, zimefungiwa chini na uzito wa maji, sawa na chupa yenye mufuniko. Metani wamoja waliitumia kitambo: ku Cap Rubona, ngambo ya Rwanda, tangu mwaka 1963 ilipelekwa kuchemsha maji ya kiwanda cha bia. Na gazi karboniki inapotoka mu udongo na kukaa mu bonde, ku Goma na pembeni ya ziwa, njo ile tunaita mazuku, yenye kuua mbuzi na watoto wenye kulala chini. Kwa hiyo ule mutungi mudogo hatuufungui mu chumba chenye madirisha kufungwa. Wamoja wanatucheka. Wacheke.

Tuongee sasa juu ya utamu wake, maana tumetisha watu vya kutosha. Mushike vere ku shina lake, musishike tumbo, mukono unaipasha. Mungoje kidogo, povu ishuke. Harufu ya asumini inakuja mbele ya ladha, na mu pua tu, haiko mu ulimi. Kisha limau. Kisha, mwishoni, ile ukakasi ya chai ku pande za ulimi, na hapo mutu anaelewa kwa nini tunaiweka pahali pa divai. Ile kitu yenye kukausha kinywa mu divai nyekundu inatoka ku ganda la zabibu, na mu chai inatoka ku jani, lakini ni ndugu. Kwa hiyo inasafisha mafuta. Ijaribuni na sambaza za kukaanga, za chumvi, za moto! Hakuna divai yenye tulikunywa hapa yenye ilifanya ile kazi. (Sambaza nayo si mwenyeji: ililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, ikajipata nyumbani. Tunaitaja kila mara tunapokea mutu kutoka Kigoma.) Na brochette ya mbuzi, ile ya bissap inafaa kupita ya asumini. Na keki ya ndoa, ya sukari nyingi, yoyote inashindwa.

Tahadhari tatu ndogo, ili dada muforsha asitugombeze. Hii ni chai, iko na kafeini. Watoto wapewe kidogo na isiwe usiku. Mutu mwenye damu kidogo asiikunywe pamoja na chakula, maana chai inazuia feri kuingia. Na mwenye sukari, yetu ina sukari kidogo lakini iko nayo, aseme tumutengenezee yake.

Si wote wamekubali. Papa mumoja, mwenye tunamuheshimu, alisimama mu Juni akasema: "Chai ni ya asubuhi na mukate. Ndoa haibarikiwi na chai." Ndugu mumoja Muislamu yeye alisema kinyume: hataki ile vere ndefu, anaona ni mufano wa ulevi, atakunywa mu kikombe. Wote wawili wako na haki. Divai haikukatazwa, mwenye kutaka kuleta yake alete, inawekwa ku meza ya pili, na komite haitamuhesabia heshima zaidi. Kikombe kiko. Na divai ya misa haituhusu, Padri asiwe na wasiwasi.

Kwa wafadhili. Mumoja wenu alituandikia, kwa upole, akiuliza kama muchango wake wa minerval ya watoto umeingia mu chupa. Haukuingia. Chai, sukari na limau vinatoka ku kotizasio ya ekipe yenyewe, na mashine ni zawadi. Kitu kimoja kilibadilika mu kese: tangu tulianza, hakuna jamaa yenye ilikopa ku likelemba kwa ajili ya mapokezi yake. Ule mujane wa deni ya divai, sasa ni yeye njo anachuja. Vijana wanataka tuuze ku hoteli za Muhumba. Tumewaambia bado. Kuuza ni kupitia OCC, ni kupimisha, ni kuandika ku chupa kitu chenye kuwa ndani yake, na sisi tumeona kitu chenye kinatokea mutu akisema bila kujua. Kama kati yenu kuko mwenye anajua kazi ya kupima vinywaji, elimu yake itatusaidia kupita makuta.

Basi. Leo tuko na jamaa mbili za kupokea, moja kutoka Nyarugusu na moja kutoka Uganda, na mama mumoja mwenye amerudi peke yake. Ku meza ya dirisha ni asumini. Ku meza ya mulango ni bissap. Zote mbili tumezitengeneza tukiwa wane, usiku wa jana na asubuhi ya leo, bila levire, na Muzee alikuwa amekaa pale kwa kiti chake akiangalia mpaka mwisho. Yeye njo atainua ya kwanza. Mungoje aseme jina la ule mama mbele ya kukunywa.